Vibua Vilivyobaki kwa Mama

Walezi wetu wawili walikuwa na sheria iliyoniudhi kuliko zote: mlezi hagusi. Tulikuwa timu ya wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, tukijiandaa kwa mashindano ya kuwapa viumbe wadogo kazi mpya kwa kubadilisha jeni zao, na wao ndio waliopewa jukumu la kutuongoza. Ukimwaga mezani dawa iliyosubiriwa mwezi mzima, wanakutazama tu, mikono nyuma kama wakaguzi wa shule. Profesa alikuwa mtu wa bara, mkavu wa maneno, na swali lake lilikuwa lile lile kila siku: mnajuaje? Madam alikuwa mzaliwa wa Bagamoyo, mcheshi, na yeye ndiye aliyetupa wazo la vibua.

Watu wa pwani wanalijua jambo hili. Unakula kibua, samaki mdogo wa baharini, kitamu, kisicho na harufu yoyote, halafu uso unapanda joto na mwili mzima unawasha. Madam alitueleza kwamba kibua kikikaa kwenye joto hujaa sumu ambayo pua haiisikii na kikaango hakiiondoi. Tukapachika jeni ndani ya bakteria wa maabara ili wakikutana na sumu hiyo wageuke zambarau. Mimi ni mtoto wa Vigwaza, mbali na bahari, samaki niliyemjua ni yule aliyekwisha kaangwa, lakini nilipoanza kuelewa tulichokuwa tunakijaribu nilikosa usingizi kwa furaha. Kitu nisichoweza kukiona kwa macho kingeniambia nisile.

Lilibaki jaribio la mwisho. Bakteria wale hawaruhusiwi kutoka maabara, kwa hiyo ilibidi samaki awafuate. Profesa alisema wazi kwamba wakishindwa kutofautisha samaki salama na aliyeharibika, tutaandika kwamba tumeshindwa, basi. Hakuna kupamba. Kazi yetu yote ikawa inategemea deli moja la barafu, chombo cha kubebea samaki.

Asubuhi mimi na Madam tulikwenda soko la samaki la Bagamoyo. Nilidhani tutanunua na kuondoka. Wapi! Kila mzee alipata shikamoo yake, kila shangazi akaulizwa habari za nyumbani, za magoti na za wajukuu. Hata hivyo vibua tulivipata vikiwa vimetoka baharini muda si mrefu, tukavizika kwenye barafu. Kisha tukapita kwa mama yake Madam, maana haiwezekani ufike Bagamoyo umruke mama. Tuliingia na deli ili lisikae juani ndani ya gari. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru kuletewa kitoweo, akamwaga barafu na kuvipanga vibua kwenye sinia jikoni.

Nilimtazama Madam. Akaangalia pembeni. Binti gani atamwambia mama yake kwamba samaki wale si wake, ni wa maabara?

Tukala wali wa nazi, tukanywa maji ya ukwaju, nikaulizwa kama nimeposwa au bado. Muda wote huo vibua vilikuwa jirani na jiko la mkaa. Wakati wa kuaga Madam aliomba nusu, kwa upole kama anayeomba chumvi, na tukanunua barafu nyingine. Nusu ilibaki. Mama alisema ataitia kwenye friji, kesho wajukuu wakija awakaangie. Tulipofika maabara tulivikagua vya kwetu: macho maangavu, harufu hakuna. Tukaviandika kuwa salama.

Kesho yake asubuhi tulisimama mbele ya mirija mitatu. Ule wa bakteria na maji matupu ulibaki mweupe. Ule wa kibua tulichokiacha juani kwa makusudi ulikuwa zambarau. Na wa katikati, wa vibua vyetu salama, ulikuwa zambarau vile vile.

Mwenzangu mmoja aliketi sakafuni. Profesa alisema bila ukali kwamba tunachojua hapo ni kwamba bakteria wetu wanamtambua samaki. Kama wanaitambua sumu, hatujui. Alikuwa sahihi, na nilimchukia kwa hilo.

Madam alikuwa ameuinamia mrija wa katikati, na nikaona uso wake unabadilika. Nami nikaelewa: sinia, jiko la mkaa, ukwaju. Akamweleza Profesa yote ya jana bila kujitetea. Profesa akamuuliza kama anavyotuuliza sisi, anajuaje kwamba tatizo ni vibua na si bakteria.

"Sijui, Prof," alisema Madam. "Lakini wajukuu wa mama wanakula leo."

Akaitoa mikono yake nyuma, akachukua simu.

"Shikamoo mama. Vile vibua usivipike. Vitupe, hata paka usimpe."

Simu ile ilikuwa na sauti kubwa, tulimsikia sote. Mama alisema amewanusa samaki mwenyewe, wazuri kabisa, na ameshawatia ndimu na chumvi. Kapika samaki tangu usichana wake, leo nani kamwambia Madam kwamba wameharibika?

"Wanafunzi wangu," alisema Madam.

Nilisisimka mwili mzima. Nilishawahi kusifiwa darasani, lakini hapa mtu mzima alikuwa analichukua neno la bakteria wetu, ambao bado hatukuwa na hakika nao, na kuliweka mbele ya pua ya mama yake mzazi. Profesa akasema tutarudia, na safari hii deli atalibeba yeye.

Tulirudia. Madam alinunua mafungu mawili, moja la maabara na moja la mama, yote kutoka meza moja, na la mama likatiwa friji mara tulipofika. Profesa alikataa kushuka garini, wali wake akaletewa pale pale kivulini, deli likiwa mapajani, huku ndani Madam akimweleza mama yake jinsi bakteria wetu wanavyofanya kazi. Kesho yake mrija wa katikati ulibaki mweupe kama ule wa maji. Tulikuwa bado tunautazama, simu ya Madam ilipoita. Alikuwa mama yake. Mafuta yameshapata moto, alisema, na watoto wana njaa, ila ameona aulize kwanza.

"Hao wadudu wenu wamesemaje?"