Shimo la Mwanvua na Mwanzi wa Kassimu

Kama hujawahi kukaa jirani na Mwanvua mfinyanzi, basi hujui mwanamke mwenye maneno. Alisema na majirani, alisema na kuku, alisema hata na vyungu vyake vikiwa juani: "We, acha kuinama, nani amekuambia umezeeka?" Hapa Kasongo, miaka ile waungwana, watu waliofuatana na Waarabu, walipokuwa wakilima mpunga kila bonde, nyumba nyingi zilikuwa na mtungi wake, na maji yake yalikuwa baridi mpaka meno yanauma.

Lakini siku ya kuchimba udongo alikuwa mtu mwingine. Mila ya wafinyanzi wa kwetu ni hii: mwanamke akitoka mlangoni kwenda shimoni anachukua funda la maji, analibana kinywani, halimezi wala halitemi mpaka arudi na udongo kichwani. Ukisema njiani, vyungu vitapasuka motoni. Usiniulize kwa nini, waulize wafinyanzi. Marehemu mumewe alikuwa akisema hizo ndizo siku zake za mapumziko, na Mwanvua mwenyewe alicheka kuliko wote.

Shimo lake lilikuwa kwenye mteremko juu ya shamba la Kassimu. Udongo mweusi, laini, hauna hata punje ya mchanga. Tangu afiwe, shimo hilo ndilo lililomlisha yeye na binti zake wawili, Faida na mdogo wake.

Sasa Kassimu. Mtu mzuri, lakini moto! Alivuta maji kutoka kijito cha juu kwa mianzi aliyoitoboa vifundo, akaifukia ardhini mbuzi wasiikanyage, maji yakashuka mpaka kwenye kitalu chake cha mpunga. Mtaa ulikuwa na sharti: ukichimba karibu na maji ya mtu, piga kelele kwanza, "Mwenye maji!", naye aje akuonyeshe yanapopita. Sharti zuri, ila aliyelitunga hakumfikiria mwanamke mwenye kinywa kilichojaa. Mwanvua hakuhangaika nalo, kwa sababu mianzi ilipita mbali na shimo na kila mtu alijua.

Asubuhi moja akapiga jembe, akasikia kraa! Maji yakamrukia usoni. Maskini, aliruka, akaziba kwa matope, akaukalia ule mwanzi, mashavu yamevimba, sauti haitoki. Mwisho akatema lile funda, udongo wa siku ile akausamehe, akakimbia mpaka kwa Kassimu akipiga kelele kwa ajili ya siku zote alizonyamaza. Kassimu hayupo. Alikuwa amekwisha shika njia ya Nyangwe kwenda sokoni. Mwanvua na majirani wakajaribu kuunga mwanzi kwa udongo na majani ya mgomba, ukavuja na kuvuja. Kassimu aliporudi baada ya siku tano, nusu ya miche yake ilikuwa imekauka.

"Sitaki anilipe kitu," akasema mbele ya watu. "Nataka shimo lifungwe. Nitapanda migomba hapo!"

Shimo lifungwe! Udongo wa kando ya mto una mchanga, mtungi wake unavuja kabla haujafika nyumbani. Bila shimo lile Mwanvua angefinyanga nini?

Shauri likapelekwa barazani kwa Amisi, mkubwa wa mtaa. Amisi alikuwa na jino bovu siku hiyo, anashika shavu, anataka maneno mafupi. Watu walijaa mpaka uani, na wanawake wengine walikuja na nyungo zao za kupepetea mchele, mambo matamu hayakosi watu.

"Mama Faida," Amisi akauliza, "ulipiga kelele kabla ya kuchimba?"

"Sikupiga, baba. Nilikuwa na maji mu kinywa, na mwanzi haukuwa hapo."

"Iko hapo!" Kassimu akadakia. "Niliuhamisha mwenyewe, siku mbili kabla, maji yashuke vizuri. Mutu akichimba aite, ndiyo sharti!"

Amisi akatikisa kichwa. Sharti ni sharti. Mwanvua akaona shimo linakwenda hivi hivi, macho yakamjaa machozi.

Kassimu angenyamaza hapo angeshinda. Lakini mdomo huponza kichwa. "Na huyu mama hana adabu!" akaongeza, hasira imempanda. "Asubuhi ileile nilikutana naye njiani, nikamwambia yambo, hata hakuitika! Ananitazama tu na jembe begani, mashavu kama ya panya buku!"

Baraza likaguna. Nyungo zikasimama. Amisi akaondoa mkono shavuni.

"Ulimwona na jembe?"

"Nilimwona."

"Na mashavu yamejaa. Ulijua anakwenda wapi?"

"Shimoni. Nani asiyejua?"

"Ukajua hawezi kuita. Na mwanzi umeuhamisha wewe, na kinywa chako iko wazi. Ukamwambia nini baada ya yambo?"

"Ni... nilikuwa na haraka ya soko."

Ee, kicheko kilichopasuka hapo! Amisi mwenyewe alicheka mpaka jino likamkumbusha. "Basi," akasema, "shimo ni la Mwanvua. Na kuanzia leo anayehamisha maji ndiye azunguke mtaa aseme. Mwende, nimechoka."

Mwanvua alikaa chini palepale, analia, anacheka, hajui kipi kwanza. Kisha maneno yakamrudia. "Ndugu Kassimu, miche yako inaniuma, kweli. Mianzi inaoza. Nitakufinyangia mifereji ya udongo wa kuchomwa, vipande kwa vipande, mjukuu wako ataikuta. Lakini twende sasa hivi unionyeshe maji yako yanapita wapi."

Wakaenda, wanawake nyuma yao. Kassimu mbele anapima kwa hatua, anachomeka vijiti mahali pa kulaza mifereji, uso umemshuka. Mwanvua nyuma anasema bila kupumua. Kijiti kimoja kikafika ukingoni mwa shimo. Kassimu akachungulia ndani, akarudi nyuma hatua moja, maana lilikwenda chini kupita kimo chake, na kuta zake zimejaa alama za jembe.

"Mama Faida, sikujua iko kubwa hivi."

"Alianza bibi yangu, akafuata mama yangu," Mwanvua akasema. "Mwezi ujao Faida ataanza kuchimba."

Kassimu akainama, akakichomoa kile kijiti, akaenda kukichomeka hatua kumi mbali na ukingo.