Baridi ya Mto Mkondoa

Juzi, katika chumba cha daktari mjini Morogoro, niliulizwa swali lililonirudisha Kilosa, kwa bibi. Binti yangu ana miaka sita. Kila asubuhi magoti yake huvimba yakagoma kukunjuka. Daktari akauliza, "Kwenye ukoo wenu kuna aliyeumwa viungo tangu utotoni?" Nikasema ni mimi tu, nami nilipata baridi ya mto.

Ndivyo nilivyolelewa kuamini, rafiki yangu. Msimu wa kuamia ndege mpungani, wenzangu walikuwa shambani tangu alfajiri, wakigonga makopo na kupayuka ili kuwatimua. Mimi bado nilikuwa jikoni, nimenyoosha miguu, nanusa uji wa mchele. Jirani akipita alisema, "Mjukuu wako mvivu huyo!" Bibi akamjibu, "Uvivu hauvimbi." Kisha alichovya kipande cha kanga katika maji ya moto, akakikamua kwa vidole vyake vilivyopinda, akanifunga magotini. Jua likipanda nilipata nafuu, nikaenda kupayuka kuwazidi wote.

Jioni watoto walioga Mkondoa. Mimi na bibi tulikaa ukingoni, nikiwaonea wivu hadi machozi. Bibi aliapa kwamba mto ule ndio ulionidhuru, kama ulivyomdhuru yeye. Watu walidai vidole vyake viliharibiwa na kukata mkonge kule Kimamba, naye aliwacheka. "Mkonge nimeukata mtu mzima. Vidole hivi vilianza meno ya utoto hayajang'oka."

Maneno hayo yalinijia pale pale kwa daktari. Nikasema, "Samahani. Yupo. Bibi yangu."

Nilidhani nimemrithisha mwanangu maumivu. Daktari akanituliza. Maradhi haya hayaletwi na baridi, alisema. Vipo vinasaba vinavyoweza kumwongezea mtoto uwezekano wa kuugua, lakini si hukumu, wala si kosa la mzazi. Dawa zipo, na tumewahi. Tena mtoto acheze, hata majini.

Jumamosi nikampeleka Kilosa. Jiko la bibi halipo tena, na palipokuwa na mpunga pamejengwa nyumba. Hakuna anayegonga kopo. Binti yangu aliingia mtoni hadi magotini, akicheka. Nilivua viatu, nikasita kama anayengoja kukemewa, kisha nikamfuata, kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu.

Bibi alifariki akiyaogopa maji yale. Yalikuwa ya uvuguvugu.