Kuku Aliyeonjeshwa Samaki

Tangu Rihab aondoke, ngazi za nyumba yetu hazina mtu wa kuzichafua. Hakuna kinyesi cha kuku kwenye kidato cha tatu, hakuna maganda ya mbegu, hakuna sauti ya mtoto akimkemea ndege kama mke mkubwa anavyomkemea mke mdogo. Nilizilalamikia ngazi hizo miaka miwili mfululizo. Sasa ni safi. Napanda na kushuka juu ya usafi huo, na unanichefua.

Rihab ni mtoto wa kaka yangu Shawqi. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka miwili, akabaki mikononi mwa mama yetu, Bi Tafida, katika nyumba hii hii ya Samannud, mji ulio kaskazini mwa Kairo, hatua chache kutoka mtoni. Nami nilikuwepo: shangazi asiyeolewa, mwalimu wa jiografia, mwenye meza ya madaftari asiyotaka iguswe.

Alikuwa na miaka mitano alipompata yule kuku. Majira ya machipuko, vumbi la jangwani likishatulia, huja wachuuzi na maboksi yaliyojaa vifaranga wa rangi. Vifaranga huchovywa rangi wakiwa hai, kama vitambaa: wekundu, bluu, kijani. Watoto hulia mpaka wanunuliwe, huwabana vifaranga viganjani wakiwapenda, na kesho yake vifaranga wamekufa. Wiki moja kila mwaka mapipa ya mji wetu hujaa maiti ndogo za rangi, na hakuna anayeona ajabu. Hata mimi sikuona.

Rihab alichagua wa kijani. Rafiki yake Mina, mtoto wa majirani wa ghorofa ya chini, alichagua mwekundu. Wa Mina alikufa kabla ya alasiri. Wakamzika kwenye chungu changu cha mnanaa, na siku ya tatu wakamfukua. Rihab alinijia mbio akiwa ameshika kitu kwenye kijiko. Kijiko changu cha chai.

"Shangazi, tazama! Ndani hana rangi! Walimpaka nje tu!"

"Tupa hiyo! Tupa na kijiko!"

"Ana wadudu, lakini ni weupe. Wasafi kabisa."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuna kitu chenye uhai, au kilichowahi kuwa nacho, kilichomtia kinyaa. Alimsafisha kifaranga wake matako kwa pamba na maji ya vuguvugu, alimlaza kando yake kwenye kofia ya sufi, akamtafunia mkate kwanza kabla ya kumpa. Nyumba nzima ilisubiri kifo ambacho hakikuja. Yule kifaranga akawa kuku mwenye mabaka ya kijani kwenye mbawa, asiye na haya, mwenye harufu. Alimwita Barsim, kwa jina la majani mabichi tunayolisha punda.

Akawa anatoka naye matembezi. Ijumaa za machipuko tulikwenda ukingoni mwa mto sote, Mama amebeba jiko, Shawqi amebeba mkeka, mimi nimebeba manung'uniko yangu. Rihab alimvuta Barsim kwa kamba mguuni, na Mina alimbeba kobe wake kifuani kama bakuli. Wauza mbegu waliwajua.

"We binti! Kuku wako anakwenda wapi?"

"Anakwenda kutembea."

"Na mchuzi wake uko wapi?"

"Uko nyumbani kwa mama yako!"

Mama alimpiga kofi dogo la mdomo kwa jibu hilo, kisha akageuka upande wa mto ili asionekane akicheka.

Sasa niseme habari ya samaki. Siku ya Kunusa Upepo, siku moja baada ya Pasaka ya kina Mina, kila mtu hapa, Mwislamu na Mkristo, huamka alfajiri, hunusa kitunguu, huchukua mayai ya rangi na kwenda kukaa kwenye majani. Na kila mtu hula fesikhi. Ni mkizi aliyeachwa avimbe, kisha akafukiwa kwenye chumvi mpaka nyama ilainike kama samli na inuke kama mguu uliofungwa bandeji mwezi mzima. Bustani yote hunuka hivyo. Mikono hunuka, noti hunuka, nywele za watoto hunuka. Magazeti yenye mafuta ya samaki huzagaa hadi majini, na watu hulamba vidole wakisema, ah, machipuko!

Sijawahi kuipenda. Nilipokuwa mdogo walinilazimisha, nikajifunza kumeza bila kuvuta pumzi. Nilipokuwa mkubwa nilijifunza jambo baya zaidi: kukata kipande, kukisifu, kukizungushia mkate, kisha kukisukuma chini ya gazeti wakati hakuna anayetazama. Miaka ishirini familia yangu iliamini mimi ni mlaji mzuri wa fesikhi.

Rihab hakujua hila hizo. Alisema tu: "Mimi sili hiyo."

"Kula kama watu," nilimwambia kila mwaka. Mimi, mwenye kipande changu chini ya gazeti.

Mwaka alipotimiza saba, muuzaji wetu wa fesikhi alikuwa amefariki wakati wa baridi. Mama alinunua kwake miaka thelathini, na alikuwa akisema kuna watu wawili ambao mwanamke hawabadilishi, mkunga na muuza fesikhi. Shawqi akaenda kwa kijana mmoja mgeni aliyefungua kibanda karibu na daraja, kwa kuwa pale foleni ilikuwa fupi.

Tulipofika ukingoni, Mama alifungua gazeti, akamminya samaki kwa kidole gumba, akamnusa. Akanusa tena.

"Huyu ananuka," alisema, "lakini hanuki anavyotakiwa kunuka."

"Mama, fesikhi ni fesikhi," Shawqi alisema. "Harufu ya uozo utaipimaje?"

"Nimeila kabla hujazaliwa. Pumbavu we. Foleni fupi ina sababu yake."

"Basi tuitupe? Tukae hapa tukitafuna vitunguu kama sungura, watu wote wanatuona?"

Hilo ndilo lililomshinda Mama. Kulia kwetu familia moja ilikuwa imeshaanza kula, kushoto nyingine. Kurudi na fesikhi bila kuila ni aibu ambayo mji huu hauisahau upesi. Akatazama huku na huku, macho yake yakamwangukia Barsim, aliyekuwa akichakura kando ya mkeka.

"Mpe kuku," alisema. "Akibaki mzima mpaka tumalize kumenya mayai, tunakula."

Sikuwahi kuona hilo likifanywa, lakini sote tulilielewa papo hapo, kana kwamba tulifundishwa. Rihab naye alilielewa. Alimnyakua kuku na kumfunika kwa mwili wake.

"Bibi, hapana! Kwa nini yeye? Yeye hakununua samaki!"

"Mlete, mwanangu. Ni kipande kidogo tu."

"Kama ni kizuri, kuleni nyie kwanza!"

Watu wa mkeka wa pili walicheka. Shawqi akaona haya, na haya yake huwa hasira. Alimvuta kuku, Rihab akamng'ata mkono. Nikamshika mtoto. Nasema hivi waziwazi kwa sababu nimechoka kusema vingine: nilimshika viganja vyote viwili kwa nyuma, nikasikia mifupa yake midogo ikipinda, nikamwambia, "Acha kutuaibisha kwa ajili ya kuku."

Barsim hakuhitaji kulazimishwa. Alimeza vipande vitatu kwa pupa, akapangusa mdomo kwenye majani, akatafuta cha nne.

Tukamenya mayai. Mekundu, ya manjano, yenye madoa. Kuku akachakura, akanya, akamfukuza kobe wa Mina. Nusu saa ikapita, Shawqi akapiga makofi.

"Daktari amepitisha! Bismillahi!"

Wakala. Mama alikula kidogo mwanzoni, kisha akala sana, kama mtu anayemwomba radhi samaki aliyemsingizia. Shawqi alikula minofu yote ya tumboni. Mimi nilikisifu kipande changu na kukisukuma chini ya gazeti. Rihab alikaa ametugeuzia mgongo, kuku mapajani. Mina alimletea yai, hakulipokea.

Jumanne shule zilikuwa bado zimefungwa. Saa nne asubuhi nilikuwa mezani nikisahihisha madaftari. Rihab alisimama mlangoni amembeba Barsim.

"Shangazi, shingo yake haikai."

"Haikai vipi?"

"Nikiiinua inaanguka. Macho yanafunga nusu. Shangazi, ni wale samaki."

Alimlaza kuku juu ya daftari lililo wazi ili nione. Shingo ilijikunja kwenye karatasi kama soksi iliyolowa. Ute ulitoka mdomoni ukaingia kwenye ramani ya mtoto wa watu. Nilichoona ni ute tu.

"Toa huo uchafu mezani kwangu!"

"Mwambie Bibi aende kwa daktari. Na Baba. Wamekula."

"Bibi yako mzima. Nenda kanawe mikono, unanuka."

Alinitazama. Hakulia. Akamkusanya kuku wake, shingo kwanza, kama mtu anavyookota uzi, akaenda.

Alimwendea baba yake, aliyekuwa kitandani akisema fesikhi imemkausha koo. Shawqi, nusu usingizini, akamwambia kuku wanazeeka. Alimwendea bibi yake jikoni. Mama alikuwa ameanza kuona bilauri mbili za chai palipo na moja, lakini alisema ni shinikizo la damu, ni chumvi, na pengine jicho la husuda la wale wa mkeka wa pili. Tukampa maji ya limau. Adhuhuri Rihab alinirudia, safari hii mikono mitupu, imenawishwa, ameinyoosha mbele nione.

"Nimenawa," alisema. "Sasa njoo umwone Bibi. Macho yake yamekuwa kama ya Barsim."

"Bibi ana usingizi."

Saa tisa Mama alijaribu kumwita Shawqi, na jina halikutoka. Kope zilikuwa zimeshuka, na kichwa kiliangukia bega. Hapo nikaona shingo. Nilikuwa nimeiona asubuhi kwenye daftari, nikaifukuza.

Hospitalini daktari aliuliza swali moja tu, mmekula nini jana, na alipojibiwa alifumba macho kidogo. Dawa ilitoka Kairo, na ilifika. Alituambia dawa hiyo huizuia sumu isiendelee, haiirudishi nyuma, na kwamba saa chache huwa na maana kubwa. Barsim alikufa Jumatano. Mama alikufa Ijumaa. Shawqi alipumua kwa mashine wiki tatu, akarudi nyumbani mwembamba, na sauti kama ya mtu anayeongea nyuma ya ukuta.

Siku aliyorudi, majirani walijaa sebuleni. Mama yake Mina alileta supu. Watu walisimulia habari ya kuku kwa utamu usiofaa: kuku alikuwa ishara, Mungu alituma kuku, lakini nani anasoma ishara? Shawqi akamgeukia Rihab aliyekuwa amekaa chini, miguuni pangu.

"Mwanangu," alinong'ona, "ulimwona kuku anaumwa. Kwa nini hukutuambia?"

Rihab aliinua uso, akanitazama mimi. Alisubiri. Hakuwa akidai kuku wake, wala radhi kwa kuwa nilimshika mikono. Alitaka niseme sentensi moja: alituambia, mara mbili aliniambia mimi, nikamfukuza akanawe. Nilikuwa nayo mdomoni. Niliisikia ladha yake, yenye chumvi, laini, iliyovunda.

"Mwacheni," nilisema. "Alikuwa mtoto tu. Angejuaje?"

Wanawake wakatikisa vichwa kwa huruma. Mmoja akampapasa nywele. Rihab aliendelea kunitazama kidogo, na kile nilichokiona usoni mwake nilikijua vizuri, kwa kuwa ni mimi niliyekificha kila machipuko mbele ya samaki. Huyu mtoto aliyeshika wadudu kwenye kijiko bila kukunja pua, aliikunja. Akasogea kutoka miguuni pangu.

Wiki iliyofuata alimwomba baba yake ampeleke Minya, mji wa mbali kusini, kwa mama yake mdogo. Aliomba kwa adabu, akarudia kila siku kwa maneno yale yale. Shawqi alidhani ni huzuni ya bibi, akakubali. Asubuhi ya safari nilimtengenezea mkate na yai. Aliusukuma mkate pembeni ya sahani, waziwazi, mbele ya macho yangu.

"Mimi sili," alisema.

Mwaka huu, mbele ya kaka yangu peke yake, niliisema ile sentensi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akaenda bombani, nikamsikia akinawa mikono kwa muda mrefu. Jioni hiyo alimpigia Rihab simu, mlango ukiwa umefungwa. Sijui walisema nini. Alipotoka aliniambia tu kwamba mtoto hataki kuongea na mimi, na kwamba hakumlazimisha.

Rihab ana miaka kumi sasa. Yuko Minya kwa mama yake mdogo, anasoma darasa la nne.