Poster ilimuua staa wetu wa Rhonda, ikabidi nimfufue kanisani

Wakuu, salamu kutoka Nakuru. Hii sikuhadithiwa, na anayebisha aje mtaani Rhonda aulize.

Kazi yangu ni publicity. Drama ya TV ikitengenezwa, mimi ndiye wa kuhakikisha watu wanaijua.

Juzi nilipewa series mpya ya madereva wa malori, imeshutiwa Salgaa. Staa ni Kevo, kijana wa hapa Rhonda. Episode ya kwanza ingekosa watazamaji, stesheni ingeitupa, nami pamoja nayo.

Boss wa Nairobi akatengeneza poster: uso wa Kevo, black and white, mshumaa, jina lake halisi na maneno "Umetuacha mapema".

Nikamwambia huku kwetu hilo ni tangazo la kifo. Akasema ndiyo maana watu watasimama kusoma. Zikabandikwa.

Walisimama kweli. Kisha wakaenda kwa mamake Kevo na sukari, majani chai, hema na viti vya matanga.

Kevo alikuwa ameenda kupanda mlima Longonot, simu imezima. Aliporudi jioni, mathe alimpapasa uso wote kabla ya kuamini. Niliona aibu, halafu nikashikwa na hasira.

Boss akasema niachane na watu wa Rhonda. Nikakataa. Nilibandua zile poster kwa kucha zangu, nikaenda kwa mathe kuomba msamaha.

"Mlimzika kwa ukuta, sasa utamfufua kanisani," akaniambia. "Na yeye akiwa hapo kando yako. La sivyo, Kevo haendi interview yoyote."

Jumapili, wakati wa matangazo, nikasimama na Kevo. Nilisema yote: Kevo yuko hai, anayekufa ni dereva anayemuigiza.

Kisha mzee mmoja akauliza, "Sasa hivyo viti turudishe?"

Mathe akainuka. "Viti haviendi mahali. Mlikuja kulia na mimi, sasa mtakuja kutazama na mimi."

Siku ya episode ya kwanza tulitoa TV nje, chini ya lile hema la matanga, tukanywa chai ya ile sukari. Watu walijaa mpaka barabarani.

Dereva wa kwenye drama alipokufa, wote waligeuka kumtazama Kevo. Mathe alikuwa amemshika mkono, na hakuuachilia mpaka mwisho.

Stesheni imeagiza season ya pili. Somo langu ni kwamba kila uso kwenye poster una mama yake. Siku hizi mama wa staa ndiye wa kwanza kuiona, na boss nimemwambia kwa hilo siombi ruhusa.

Haya, mngekuwa nyinyi mngesimama kanisani? Semeni.