Mguu wa Koplo Aol

Koplo mstaafu Aol alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kati ya hiyo, ishirini aliishi na jeraha la risasi aliyopigwa pajani akiwa lindoni kwao kaskazini. Jeraha lilipona juu juu tu. Akipanda kilima cha Lubaga kwenda kanisani alisimama mara tatu, na kila mara alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Ndivyo alivyofunzwa na maisha. Kikosini mwake askari walipimwa kila mwaka, na aliyekiri maumivu alirudishwa nyumbani. Aol alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Arudi nyumbani ale nini? Basi akajifunza: siku ya daktari unameza vidonge viwili alfajiri, unagonganisha visigino, unainua kidevu, na ukiulizwa unajibu kabla swali halijaisha. Kwa miaka kumi na mitano alifaulu hivyo, na alijivunia, maskini, kana kwamba amepona kweli.

Alipostaafu, Mariamu, mwenye duka la vitambaa pale Mengo, aliyepooza miguu kwa polio tangu utotoni, alimwita kwenye timu yake ya voliboli ya kuketi. Katika mchezo huu watu hukaa sakafuni, wavu huwekwa chini, na makalio yakiinuka wakati wa kupiga mpira ni kosa. Siku ya kwanza Aol alijicheka: bibi mwenye wajukuu anajiburuta kama mtoto anayejifunza kutambaa! Siku ya pili aliwahi kuliko wote. Pale chini hakuna aliyemuuliza umri, na mikono yake ya kiaskari ilipiga mpira mpaka wenzake wakalalamika. Tangu mumewe afe hakuwa amependa kitu kama alivyoipenda timu ile.

Walikuwa wanawake sita tu, idadi kamili ya uwanjani. Mashindano yalipotangazwa, kila mchezaji alitakiwa apimwe kwanza, madaktari waseme kama ulemavu wake unafikia kiwango cha mchezo. Asiyefikia hachezi. Mariamu aliwaeleza wote, na kwa Aol alirudia mara mbili.

"Mama, waoneshe ulivyo. Wakiusukuma mguu ukashindwa, uache ushindwe. Mficha uchi hazai."

"Nimesikia, mwanangu," Aol alijibu. Kusikia alisikia.

Asubuhi ya kupimwa alimeza vidonge viwili. Wala hakuamua, mkono ulivifuata wenyewe. Akaingia chumbani, akaona koti jeupe, visigino vikagongana.

"Kuna maumivu, mama?" daktari aliuliza.

"Hapana, afande! Mguu iko sawa kabisa."

"Lala hapa. Nitausukuma, wewe uzuie."

Aol alizuia. Jasho lilimtoka, meno yakasagana, mguu haukushuka. Daktari akabadilisha mkao, akasukuma tena, na tena. Alikuwa kijana mpole na aliandika alichokiona.

"Una nguvu, mama. Wengi wa umri wako hawawezi hivi."

Aol akatabasamu. Mungu amsamehe, alitabasamu, maana maneno kama hayo ndiyo aliyozoea kuyasikia akifaulu.

Karatasi ilitoka saa sita mchana: hajafikia kiwango. Mariamu aliingia kwa madaktari, akaeleza, akabembeleza. Wakamjibu kwamba mchezaji mwenyewe amesema hana maumivu, na msuli umeshuhudia. Labda apimwe tena msimu ujao. Na timu ya watu watano haisajiliwi, kwa hiyo safari ya wote ilikuwa imekwisha.

Walitoka pamoja. Hakuna aliyemlaumu Aol, na hilo lilimchoma kuliko matusi. Kwenye ngazi mguu ulikunjika, akaporomoka vidato viwili, akakaa hapo akihema. Mariamu alitupa gongo lake moja la kutembelea, akamshika bega.

Daktari alikuwa ameona kila kitu kutoka mlangoni. Alishuka haraka, akachutama mbele yake.

"Mama, nimeuona mguu. Nimeuliza vibaya asubuhi. Niambie unaumia, turudi ndani sasa hivi nikupime upya."

Mariamu alimminya bega. Wenzao wanne walisimama juu ya ngazi, wakingoja neno moja tu. Aol alilitafuta, na machozi yalimlenga kwa kulitafuta. Akainua uso, akaona koti jeupe, kidevu kikapanda.

"Hakuna shida, afande," alisema, akaanza kujiinua.