Marehemu Alipenda Nini?

Tunamwita Patasi, na jina hilo huliitikia haraka kuliko lake la kuzaliwa. Miaka thelathini na moja sasa anachonga mawe ya makaburi. Mimi kazi yangu ni kujaza rangi ya dhahabu kwenye herufi zake, na kumtania, maana hakuwa mtu wa kununa.

Mteja akiingia, alimkalisha kwanza. Kisha alimwonyesha kibao cha herufi: za mlazo, zenye mikia, na zile nene wanazopenda wenye haraka zao. Halafu ukutani, kwenye picha zilizokatwa kwa kadi ngumu na kutundikwa misumarini: njiwa, kitabu, mpira, jembe, cherehani. Hapo ndipo alipouliza, "Marehemu alipenda nini?" Jibu la "kila kitu" hakulitaka hata kulisikia. Siku moja alimfukuza bwana mzima aliyekuja kwa ajili ya mama yake. "Mtu umekaa naye nyumba moja miaka yote, hujui? Nenda kaulize!" Nilimheshimu kwa hilo.

Mkewe alifariki wakati wa mvua. Jiwe jeusi likaja, akaling'arisha mwenyewe mpaka ukajiona uso. Akachagua herufi nene, akachonga jina, akachonga tarehe. Nafasi ya picha ikabaki tupu mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Mganga hajigangi," nikamchokoza. Hakucheka, nami nikajuta kufungua mdomo.

Jumamosi moja binti yake akaja kuuliza jiwe litakuwa tayari lini. Patasi akazitoa kadi zote ukutani, akazipanga mezani.

"Mwanangu, hivi mama yako alipenda nini?"

"Baba! Hujui?"

"Alipenda watoto wake."

"Mteja akikujibu hivyo, unamkubalia?"

Binti akaokota kadi ya cherehani, kingo zake zimelika kwa kutumika.

"Hii alikuomba miaka mingapi? Ukamwambia vumbi la mawe litaiharibu."

Ni kweli, nilikuwepo. Tena nilimuunga mkono Patasi, mjinga mimi, tukacheka wote wawili mbele ya mama wa watu.

Patasi akaichukua ile kadi, akailaza juu ya jiwe, akatafuta penseli.

"Basi nitamchongea. Nitamchongea nzuri, sijawahi kumchongea mtu kama hiyo."

Binti akaiondoa kadi taratibu, akairudisha mezani.

"Hapana, baba. Watu watadhani alikuwa nayo."

Jiwe tulilisimamisha hivyo hivyo, jina na tarehe tu. Siku hizi mteja akija, Patasi humwonyesha herufi, humwonyesha kadi, kisha hutoka nje. Swali naliuliza mimi.