Salamu zangu kwenye kanisa kuu la Saint Paul

Leo nimesimamisha misa. Kabla hamjanicheka, nani hapa hajawahi kutoa salamu bila kuombwa?

Mama mkwe amekuja kututembelea huku Marekani kutoka Bungoma. Kwa simu nilishamwambia kwamba lile kanisa kuu la kilimani wananijua mpaka askofu. (Mnanijua mimi.)

Basi asubuhi nimetoka shifti mbili mfululizo za kutunza wazee, sijafumba jicho, nikampeleka moja kwa moja.

Jamani, kuna mahali! Kuba lenyewe ukilitazama kofia inaanguka. Dhahabu, marumaru, malaika kila kona. Nikamwonyesha Mama nguzo moja, nikamwambia hiyo nilisaidia kuing'arisha.

Tukakaa tupumzike. Kidogo tu.

Kuzinduka, watu wamejaa na padri anakaribisha wageni. Sasa kwetu kanisani mgeni akitajwa, anasimama anasalimu.

Nikasimama!

"Bwana asifiwe!"

Nikaona Kiswahili hakijaingia, nikahamia Kiingereza. Nikatoa salamu za kanisa letu la Inver Grove Heights, za mke wangu, watoto wanne, pasta na kwaya nzima. Kuba likanirudishia kila jina.

Padri akangoja nimalize, akasema asante, akaendelea na ibada yake.

Mimi macho chini. Mama nitamtazamaje?

Tulipotoka nje akaniuliza taratibu, "Baba Neema, hawa watu wanakujua kweli?"

Nilikuwa nimechoka hata kudanganya. "Hapana, Mama."

"Basi leo wamekujua. Twende nyumbani ulale."